Rejea Pungufu Haistahili Kukatwa Moja kwa Moja

Anayeandika tasnifu kuhusu biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, hukwama mapema. Vitabu vyenye mwandishi, mwaka na mchapishaji vinamweleza zaidi habari za sangara na viwanda vya minofu. Mambo ya tozo za mialoni, bei za dagaa na miongozo ya BMU (vikundi vya usimamizi wa mialo) anayakuta kwenye kurasa za mtandaoni na mafaili ya PDF yasiyotaja mwandishi, mengine hata mwaka hayana. Akiyaingiza kwenye marejeo, wapo wasimamizi watakaopitisha kalamu nyekundu: rejea haijakamilika, ondoa.

Hoja yao ina uzito. Rejea huwekwa ili msomaji afuate chanzo na kukipima mwenyewe. Ukurasa usio na jina hauna wa kuulizwa, na usio na tarehe unaweza kuwa umebadilishwa jana. Takwimu ya samaki wa Ziwa Victoria isiyotaja mwaka haimsaidii mtu, maana kiasi kinachovuliwa hupanda na kushuka. Na kwa wanaosomea utabibu, dozi ya dawa iliyotolewa kwenye ukurasa usiojulikana mwenyewe isikubaliwe kabisa.

Lakini kukosa maelezo ya uchapishaji na kukosa kuaminika ni mambo mawili, na miongozo ya uandishi yenyewe inalijua hilo. Toleo la saba la APA, mwongozo wa uandishi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, la mwaka 2019, halisemi chanzo cha namna hiyo kitupwe. Linasema taasisi yenye ukurasa inaweza kusimama kama mwandishi; kama hakuna mwandishi wa aina yoyote, kichwa cha habari kishike nafasi yake; kama hakuna tarehe, iandikwe kwamba haipo; kama hakuna namba za kurasa, zihesabiwe aya. Mwongozo mwingine wa uandishi, wa Chicago, unaruhusu hata mwaka wa kukadiria, ukiwa ndani ya mabano na alama ya kuuliza. Andiko linalozungumzia marufuku ya Umoja wa Ulaya kwa samaki wetu mwaka 1999 kama jambo lililotokea juzi linajitaja umri wake lenyewe. Kinachodaiwa ni kusema wazi kilichokosekana.

Tazama sasa kinachotokea mwanafunzi akishaambiwa “kamilisha au toa”. Anashuka hadi chini kabisa ya ukurasa, anaona mwaka wa hakimiliki, anauandika kama mwaka wa kuchapishwa. Mwaka huo kwenye tovuti nyingi hujibadilisha wenyewe kila Januari, na APA inakataza kuutumia hivyo. Au anachukua rejea kutoka kwenye makala ya mtu mwingine na kuiweka kana kwamba amekisoma chanzo hicho. Orodha inakuwa safi, tasnifu inapita, na ndani yake kuna uongo ambao hakuna atakayeuona. Hili linaniuma kuliko pengo lolote la tarehe.

Tena ukamilifu huo tunaoulilia haulindi chanzo. Mwaka 2024 Pew Research Center ya Marekani ilionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandaoni zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Karibu kurasa nne katika kila kumi! Jina la mwandishi na tarehe haviuzuii ukurasa kufutwa. Hata mahakama hazikunusurika: watafiti wa Harvard walieleza mwaka 2014 kwamba nusu ya viungo vilivyotajwa kwenye hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani havikufikisha tena kwenye habari iliyokusudiwa. Majaji wale waliandika rejea zao kwa utaratibu wote. Sasa fikiria tovuti ya halmashauri ya kwetu inapobadilishwa muundo, faili la tozo za mwalo linapotea, na mwanafunzi mpya hana pa kuanzia.

Kinga iko kwenye nakala. Wayback Machine ya Internet Archive, hazina ya mtandaoni ya nakala za kurasa, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, inamruhusu mtu yeyote kuhifadhi ukurasa bila malipo na kupata kiungo chenye tarehe na saa ya kuhifadhiwa. Tarehe hiyo haimwambii msomaji ukurasa uliandikwa lini, ila inamthibitishia kwamba siku ile ulisema hivi. Kwa aliyeko Ukerewe na bando linasuasua, ukurasa uliohifadhiwa kama PDF na kuwekwa kwenye kiambatisho unatosha.

Kwa hiyo ningependa msimamizi, kabla hajakata, aulize nani anamiliki ukurasa, ulisomwa lini, na nakala iko wapi. Mwanafunzi akishindwa kujibu, kalamu nyekundu ipite. Akijibu yote matatu, rejea ibaki na maneno “bila tarehe” mahali pake.