Karafuu za mawe: jina litoke kwenye mfupa au kwenye jeni?

Mtu wa pwani akisikia "tumbawe" anaona mwamba unaotokeza maji ya bamvua yakipwa, au jiwe la kujengea nyumba na kuchomea chokaa. Yapo matumbawe mengine ambayo hayajengi mwamba wowote. Kila moja ni mnyama mmoja ndani ya kikombe chake cha chokaa, mara nyingi urefu wa sentimita chache tu, amekaa peke yake gizani. Hana mwani wa kumlisha kama wenzake wa juu, kwa hiyo jua halimhusu. Wapo waliopatikana kwenye kina cha zaidi ya mita 6,000. Jenasi (kundi la spishi ndugu) yao mojawapo kubwa, Caryophyllia, ilipewa jina mwaka 1801 na mwanasayansi Mfaransa Lamarck kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya karafuu. Ukikiweka kikombe chake kando ya karafuu ya Pemba hutauliza kwa nini.

Wanasayansi wamekwisha kutaja zaidi ya spishi 700 za matumbawe mawe yasiyo na mwani, na wengi wa wanyama hao huishi pweke namna hii. Ubishi uliopo ni wa namna ya kuwapanga, na ukipuuzwa unaharibu ramani za mahali wanapoishi.

Njia ya zamani ni kuhesabu. Unakigeuza kikombe mdomo juu, unakiweka chini ya darubini na kuanza: kuta sita kubwa zinazoelekea katikati, kisha sita nyingine kati ya hizo, kisha 12, kisha 24. Jumla 48. Halafu unatazama kama mbele ya kuta fulani kuna vijiti vilivyosimama kama taji, na kama katikati pana kifungu cha vipande vilivyosokotwa. Vyote viwili vikiwepo, pengine ni Caryophyllia. Kama hakuna taji, na kikombe kimebanwa kama upepeo, unaelekea Flabellum. Kazi hii mtu huijua kwa miaka. Stephen Cairns wa Taasisi ya Smithsonian ameifanya karibu maisha yake yote, na orodha nyingi tunazozitegemea leo zimepita mikononi mwake.

Udhaifu wake unajulikana. Mnyama hubadilika akikua, na anayeota kwenye mkondo mkali hafanani na aliyeota penye utulivu. Ndiyo maana waandishi wa karne ya 19 walirundika majina. Desmophyllum cristagalli, "kilemba cha jogoo", lilidumu katika vitabu kwa zaidi ya karne moja kabla ya kukubalika kwamba ni yuleyule Desmophyllum dianthus aliyeelezwa na Esper mwaka 1794.

Zikaja jeni, na zikavunja kuta za nyumba yenyewe. Familia ya Caryophylliidae, iliyoonekana imara kwa kutazama mifupa, ilibainika kuwa mkusanyiko wa koo zisizo na mzazi mmoja wa karibu. Kisa kilichozua maneno mengi zaidi ni cha mwaka 2016. Watafiti walilinganisha jenomu za mitokondria (sehemu ya seli yenye jeni zake yenyewe) na vialama vingine vya jeni, wakasema Lophelia pertusa, tumbawe linalojenga miamba mirefu ya baridi huko Norwei, ni ndugu wa karibu mno wa Desmophyllum dianthus, yule mpweke. Kwa kanuni ya jina lililotangulia, Desmophyllum ya 1834 iliishinda Lophelia ya 1849. Mjenzi wa miamba akahamia nyumba ya mpweke, na sasa anaitwa Desmophyllum pertusum.

Wanaounga mkono wana hoja nzito. Kama undugu ndio msingi wa kupanga viumbe, kuishi kundini au peke yako ni tabia inayoweza kubadilika katika ukoo mmoja. Wapinzani nao si wakaidi tu. Jeni za mitokondria za matumbawe hubadilika polepole sana, hivyo tofauti ndogo inaweza kuwa dalili ya polepole hiyo kuliko ya udugu. Isitoshe, jina Lophelia limo katika sheria, katika ramani za hifadhi, katika miongo ya ripoti. Hoja hii ya pili mimi huniingia kidogo tu, maana kompyuta inaweza kuunganisha jina la zamani na jipya. Kuna ya tatu isiyosemwa sana, nayo ndiyo inayonishika: vielelezo vya kwanza vilivyobeba majina haya, vya karne ya 18 na 19, kwa kawaida ni mifupa mikavu. Asiyejua kusoma mfupa atakuwa na mti mzuri wa ukoo, lakini hatakuwa na uhakika jina gani ni la tawi gani.

Hapo ndipo suala la mtawanyiko, yaani nani anaishi wapi, linapoingia. Pwani yetu imo katika hadithi hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Meli ya Kijerumani Valdivia, chini ya Carl Chun, ilifika Dar es Salaam mwaka 1899 ikivuta nyavu za kina baharini, na Emil von Marenzeller akayaeleza matumbawe yake mwaka 1904. Mwaka 1934 meli ya Misri, Mabahiss, ilifanya kazi karibu na Zanzibar. Matumbawe yake yakachapishwa London mwaka 1938 na 1939. Mwaka 1993 Cairns na Natalia Keller wakaongeza rekodi za kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Nukta nyingi kwenye ramani yetu zinatoka kwenye mivuto ya namna hiyo.

Na nukta ni kitu cha kutiliwa shaka. Wavu wa kukokota hupita umbali mrefu kwenye mteremko, ukianza kina kimoja na kuishia kingine, utaandika kipi? Kikombe kilichoota ukutani huanguka kikifa na kulala mamia ya mita chini ya alipoishi mwenyewe. Vikombe vya Desmophyllum vilivyopimwa umri kwa urani na thori vimeonekana kuwa na maelfu ya miaka, hata makumi ya maelfu. Kumwandika maiti huyo kama mkazi wa leo ni sawa na kuhesabu makaburi katika sensa.

Wengine husema basi tuache nyavu, tutumie roboti zenye kamera, kama zile zilizoshuka kwenye visima vya gesi mbele ya Lindi na Mtwara. Ni kweli, kamera haivunji kitu, na inaonyesha nani yu hai. Lakini kuta 48 hazihesabiki kwenye picha ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba. Picha itakupa "tumbawe pweke", labda na jenasi ya kukisia, na kisio hilo likishaingia kwenye hifadhidata ya dunia hakuna atakayejua kwamba lilikuwa kisio.

Uvuvi nao unaongeza uzito. Meli zinazokokota nyavu kwenye bahari kuu hutakiwa kuhama zikinasa matumbawe kupita kiwango fulani, na kiwango hupimwa kwa makumi ya kilo. Kikombe kina gramu chache. Unaweza kufagia shamba zima la Flabellum usiufikie mzani huo. Kwa viumbe hawa idadi ndiyo ingefaa, siyo uzito, na idadi inahitaji mtu wa kuwatambua.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuchagua kati ya mfupa na jeni. Natetea kikombe chenyewe. Roboti ikishuka tena mbele ya Mtwara, ichukue vichache: nyama kidogo kwenye alkoholi kwa ajili ya jeni, mfupa kwenye kisanduku, na lebo inayosema alikuwa hai au amekufa, kina cha kuanzia na cha kumalizia, nani alimtambua na kwa njia gani. Jina libadilike hata mara tano, lebo itabaki kweli. Na kisanduku kimoja kibaki Dar es Salaam au Zanzibar, maana mwanafunzi wa hapa akitaka kuviona vile vya Mabahiss inambidi aombe viza ya Uingereza.