Nani anafanya, mpaka lini?

Kuna kitu cha huku ugenini kilikuwa kinaniudhi sana, siku hizi nakipenda mpaka najishangaa. Mitingi ikiisha tu, hata hujafika kwenye kiti chako, imeili imeshaingia: mistari mitano sita, kila mstari una kazi, jina la mtu na tarehe. Mtu mmoja, sio "idara" wala "wahusika". Mwanzoni niliona kama nadharauliwa, yaani mtu mzima naandikiwa jina na tarehe mbele za watu? Halafu nikaona la bosi nalo limo, na tarehe yake ikipita yule kijana aliyeajiriwa juzi anamuuliza kweupe "yako imefikia wapi?" na bosi anajibu, wala hanuni.

Sasa njooni kwetu. Vikao vyetu mnavijua, sina haja ya kueleza. Muhtasari umeandikwa vizuri kabisa, waliohudhuria, waliotoa udhuru, yatokanayo, mengineyo, kikao kilifungwa saa ngapi. Ukitafuta nani anafanya nini mpaka lini hukuti! Utakuta "ilikubaliwa kwamba suala hili lifanyiwe kazi". Na nani? Kikao kijacho linarudi kwenye yatokanayo, linajadiliwa upya kwa hasira zilezile, linaahirishwa. Kuna yatokanayo yamekaa mpaka aliyeyaleta kastaafu.

Najua nitaambiwa "ameshakuwa mzungu huyo". Haya, na aliyesema mali bila daftari hupotea bila habari alikuwa mzungu? Wala sijasema watu wa huku wana akili kutuzidi. Yule Parkinson aliyeandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopewa alikuwa Mwingereza akiwacheka Waingereza wenzake, akaonyesha kwamba kati ya 1914 na 1928 meli kubwa za kivita za jeshi lao la majini zilishuka kutoka 62 mpaka 20, huku maofisa wa makao makuu wakipanda kutoka 2,000 mpaka 3,569. Na hadi leo huku kuna mitingi ya kupanga mitingi, na mtu anashinda anapaka rangi ratiba kwenye kompyuta halafu anaaga eti kachoka. Ujinga hauna pasipoti jamani.

Kinachoniuma ni kwamba uwezo tunao. Ikitokea dharura kwetu, saa moja haiishi kila mtu kashapewa zamu, wewe usafiri, wewe wageni, yule anashika hela na jioni anasoma hesabu hadharani, na hakuna aliyesomea menejimenti hapo. Huku wangeanza kwanza kutafuta tarehe kila mtu ana nafasi. Kwa nini inawezekana siku ile? Kwa sababu kila kazi ina mwenyewe na mwisho wake ni leo. Basi. Dharura ikipita tunarudi kwenye "tutaangalia".

Wengine watasema listi ni za wasioijua kazi. Oktoba 1935 ndege ya majaribio ya Boeing, Model 299, ilianguka mara tu baada ya kuruka, rubani mzoefu kabisa, ila kufuli la mitambo ya kuongozea lilisahaulika kufunguliwa. Walichofanya baadaye ni kuandika orodha ya kukagua kabla ya kuruka, na hadi leo marubani wanaisoma, hata wenye mvi. Wewe ni nani usiandike mambo matatu ya kesho kwenye karatasi kabla hujalala?

Kuna hoja moja naikubali, kwamba mfanyakazi wa chini hawezi kujipa kazi wala tarehe bosi akiwa kashikilia kila kitu. Kweli. Mabosi wetu wengi wanakabidhi kazi bila mamlaka, ni kumtuma mtu dukani bila hela halafu unamuuliza mbona kachelewa. Ukimpa mtu kazi mwambie unataka matokeo gani, lini, anaweza kuamua mwenyewe mpaka wapi, na wapi lazima arudi kukuuliza. Dakika tano hizo! Lakini bosi anaona akigawa atapungua ukubwa, kwa hiyo akisafiri na ofisi imesafiri, sahihi moja inasubiriwa wiki nzima, na yeye huko aliko anajisifu kwamba bila yeye mambo hayaendi. Hiyo sio sifa ndugu yangu, huo ni ushahidi.

Na wewe uliyeniandikia kwamba ugenini kumenipa mdomo, nirudi basi niwe meneja nione, sawa, nimesikia. Ila ile ripoti uliyoniambia "nakutumia jioni hii" bado naisubiri, hukuniambia jioni ya lini.