Gari Jeusi Haliharibiwi na Barabara, Linaharibiwa na Tambara

Simama mbele ya Harrier nyeusi iliyoegeshwa Kabwe, Mbeya, saa kumi jioni, jua limeshainamia upande wa Mbalizi. Usilitazame gari, tazama jua lenyewe linavyoonekana ndani ya boneti. Kuzunguka ule mwanga kuna nyuzi nyembamba mno, kama utando wa buibui. Sogea hatua moja kushoto na utando nao unasogea. Maana yake mikwaruzo imejaa boneti nzima na inaelekea kila upande, ila jicho linaiona ile tu iliyoukingama mwanga, ndiyo maana inaonekana kama miduara. Anayekwambia uoshe kwa mistari iliyonyooka ili usipate miduara amekupa nusu ya ukweli: utapata mikwaruzo iliyonyooka, na jua litaizungusha vilevile. Gari jeupe nalo limechubuka hivyohivyo. Bahati yake ni kwamba mwanga unaotawanywa na mkwaruzo hauonekani juu ya weupe.

Huku Nyanda za Juu Kusini mzigo wote tunaitwisha barabara: malori ya Tunduma, kokoto, vumbi. Barabara ionewe huruma kidogo. Kokoto inadonoa na kuacha kitobo, haichori utando. Vumbi likitua na kukaa kimya halina hatia. Hatia inaanza pale mkono unapolisukuma, na karibu kila mkwaruzo wa aina hii umetoka kwenye mkono wa mtu aliyekuwa analitunza gari. Ndiyo maana naona anayeanza kwa kununua polishi anapoteza pesa. Atang'arisha Jumamosi, Jumatatu utando utaanza upya.

Vumbi letu lenyewe si la kuchezea. Udongo wa Uyole, Igawilo na kupanda Rungwe umetokana na majivu na mawe mepesi ya volkano, ndugu wa lile jiwe la kusugulia visigino. Lisage jiwe hilo, linyunyize juu ya boneti, kisha upanguse na fulana iliyochakaa. Ndicho kinachofanyika kila asubuhi ya kiangazi. Na kuanzia Juni hadi Agosti, Mbeya, Makambako na Iringa, linaongezeka jingine: usiku umande unalilowesha vumbi, asubuhi dereva anakuta gari limelowa, anaona maji hayo ni ya bure, anavuta tambara chini ya kiti na kufuta. Umande ule hautoshi kuzibeba chembe ziondoke. Unatosha tu kuzigandisha kwenye tambara, na tambara likishashika chembe ni msasa. Kama lazima uone mbele, futa vioo peke yake. Mwili wa gari uache uende na vumbi lake kazini, hakuna atakayekufukuza.

Sasa kuosha. Hatua inayookoa rangi kuliko zote haina sabuni wala haina kitambaa: ni maji mengi kabla ya kugusa. Anza juu, shuka chini, dakika tatu hadi tano, mpaka maji yanayodondoka kwenye kingo za chini za milango yawe safi. Kama ni mashine ya presha, mdomo wake ukae kama nusu mita kutoka kwenye rangi, na usiuelekeze kwenye ukingo wa rangi iliyokwanguka, maana itabanduka zaidi. Tope lililokauka nyuma ya matairi limwagie maji, liache dakika kadhaa lilainike, limwagie tena.

Halafu ndoo mbili. Ya kwanza ina lita kumi za maji na shampuu ya gari kwa kipimo cha kwenye chupa. Nyingi zinatosha kwa vijiko viwili vya chakula. Ya pili ina maji matupu. Chovya glovu ya kuoshea kwenye sabuni, osha eneo kama la nusu ya boneti bila kukandamiza, kisha isuuze kwenye ndoo ya pili kabla ya kurudi kwenye ya sabuni. Ukimaliza paa na boneti, chungulia ndoo ya pili: ule mchanga ulio chini ndio ungekuwa umerudi kwenye rangi. Paa kwanza, kisha vioo, boneti, buti, sehemu za juu za milango, na sehemu za chini mwisho kabisa. Rimu zina kitambaa chao, na kitambaa hicho hakipandi juu hata siku moja, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma.

Sabuni ya unga ya kufulia inalaumiwa kuliko inavyostahili, lakini nayo ina makosa yake. Ikiyeyuka vizuri haikwaruzi. Tatizo ni kwamba inaondoa nta yote iliyokuwa inalinda rangi na haiachi utelezi wa kutosha kati ya glovu na bodi. Na ikinyunyizwa moja kwa moja kwenye dodoki, punje ambazo hazijayeyuka zinasugua. Shampuu ya nywele, iliyochanganywa nyepesi sana, ni afadhali kuliko unga kama duka la shampuu ya magari liko mbali.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi ya waangalifu. Toa kichwa cha mpira wa maji, acha maji yatiririke kwa unene bila nguvu kutoka juu. Mengi yatajiburuta yenyewe na kushuka. Yaliyobaki usifute kwa kuzungusha. Tandaza taulo, libonyeze, linyanyue. Taulo za maikrofaiba za gramu 300 hadi 400 kwa mita ya mraba zinafaa, na nne zinatosha kwa gari moja. Kama mfuko hauruhusu, taulo nene la pamba kutoka mtumbani, lililokatwa ile pindo ngumu ya pembeni, linafanya kazi vizuri kuliko maikrofaiba iliyochoka. Lifue peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo. Taulo lililoanguka chini linashushwa cheo papo hapo, linakuwa la rimu. Hapa hakuna mjadala wa "nimelikung'uta".

Ukishaosha hivi mwezi mzima ndipo ufikirie kung'arisha, na kwanza ujue unakata nini. Juu ya rangi ya magari mengi kuna kliya, lile tabaka angavu lisilo na rangi, na kwa kawaida unene wake ni kati ya maikroni 35 na 50. Unywele wa binadamu ni kama 70. Kila ukipiga polishi unaipunguza, na haioti tena. Gari lililotoka Japani limetumika, na huwezi kujua limeshapigwa mashine mara ngapi kabla ya kushuka bandarini. Kwa hiyo lengo lisiwe kufuta kila mstari. Ukiondoa zaidi ya nusu ya mistari hiyo, gari jeusi linabadilika sura kabisa kwa mtu aliyesimama hatua mbili, na hakuna mwingine wa kumridhisha.

Pitisha ukucha kwenye mkwaruzo. Ukikwama, huo ni wa kina, uache. Kisha paka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, usugue mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikitoka cheusi, gari halina kliya. Unasugua rangi yenyewe. Baadhi ya Toyota nyeusi tupu zenye namba 202 kwenye kibati cha rangi ziko hivyo. Zinang'arika kwa urahisi, na zinachubuka kwa urahisi uleule. Kama kuna bodi iliyopigwa rangi mtaani, gusa sehemu iliyojificha kwa kitambaa chenye tone la thina: ikilainika na kunata, ni rangi ya 1K, yaani isiyochanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha rangi, na polishi ya kukata haifai hapo.

Kwa mkono inawezekana, ila ni kazi ya jasho. Chagua eneo la sentimita 40 kwa 40 kwenye buti, kivulini, bati likiwa limepoa kiasi cha kuwekea kiganja. Pedi ya sponji, matone manne ya polishi laini, kila moja kama punje ya mahindi. Sugua kwa nguvu ya wastani dakika mbili, ukikatisha mistari, kisha futa na umulike kwa tochi ya simu. Polishi inayoitwa laini inatosha mara nyingi; kompaundi nzito, yaani polishi ya kukata, kwa mkono huacha ukungu wake ambao utahitaji polishi nyingine kuuondoa. Ukipata mashine ya kuazima, tafuta ile ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumba, siyo inayozunguka tu. Pedi ya inchi tano ya sponji ya wastani, spidi ya nne au ya tano, mwendo wa sentimita mbili hadi tatu kwa sekunde, mipito minne, kila mpito ukilalia nusu ya uliotangulia. Kingo za boneti na mistari ya mikunjo ya milango zizibe kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, maana rangi ni nyembamba hapo kuliko kwingine.

Anayefunga pedi ya manyoya kwenye grainda ya kukatia vyuma ndiye wa kumkimbia. Mashine ya polishi inazunguka kati ya mara 600 na 3,000 kwa dakika; grainda ndogo inafika 11,000. Sekunde chache mahali pamoja na kliya imeungua. Hata asipounguza, ataacha vivuli vya mawimbi vinavyocheza juani, vibaya kuliko utando uliokuwepo.

Kuna pia kung'ara kwa mkopo. Mafuta ya taa, silikoni za kupuliza, na baadhi ya polishi zenye mafuta mengi hujaza mikwaruzo badala ya kuiondoa, na mafuta ya taa hukaribisha vumbi juu yake. Kabla ya kumlipa fundi, changanya spiriti ya duka la dawa kipimo kimoja na maji vipimo vitatu, pulizia kidogo, futa, mulika tochi. Utando ukirudi, umeuziwa mafuta. Wanaouza kinga ya seramiki ya "9H" nao wapunguze sauti: hiyo ni ngazi ya kipimo cha ugumu wa penseli, na jiwe la Rungwe halina habari na penseli. Tambara chafu litaichora vilevile. Nta ya kawaida ya kopo, tabaka jembamba kila baada ya miezi miwili au mitatu, inatosha kwa gari linalolala nje Mwanjelwa.

Ukaaji wa Mafinga una kero yake: utomvu wa misonobari. Usiubandue kwa kucha. Lowesha pamba kwa spiriti, iweke juu yake nusu dakika, inyanyue, rudia mpaka ulainike, kisha rudishia nta mahali hapo.

Na kama huna maji nyumbani, unaosha kwa vijana wa barabarani, peleka glovu na taulo zako kwenye mfuko. Mwambie, "Mdogo wangu, nipigie presha na povu tu, kugusa niachie mimi." Atakushangaa. Mlipe bei ileile.