Karanga za watu, karanga za mbwa

Jirani yangu wa hapa Isevya, mjini Tabora, ameoka na kuuza biskuti za karanga kwa miaka. Mwaka huu akaongeza aina nyingine: ndogo kama kidole gumba, ngumu, hazina sukari wala chumvi. Za mbwa. Mteja wake wa kwanza alikuwa mtumishi aliyehamia hapa na mbwa wa kizungu, yule wa masikio kusimama, akataka kitu cha kumtuza kila anapotii amri. Mtaa ulicheka siku mbili. Siku ya tatu ubishi ukaanza, na mpaka leo haujaisha.

Wanaopinga wana hoja. "Mbwa anakula biskuti, mjukuu wangu anaenda shule na chai ya rangi," alisema mzee mmoja barazani, na hakuna aliyemjibu. Kwetu karanga ndizo zinazounga kisamvu, ndizo zinazotiwa kwenye uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa. Gramu 100 zake zina protini ya gramu 25 hivi, na kwa nyumba isiyonunua nyama kila wiki hicho si kiasi cha kuchezea. Mkoa wenyewe una kumbukumbu ya karanga kulimwa kwa ajili ya wengine: Urambo ilikuwa sehemu ya ule mpango mkubwa wa Waingereza ulioanza 1947 ili wapate mafuta ya kula kwao, ukaporomoka 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Kutoka Waingereza hadi mbwa ni mbali, lakini mzee yule alikwenda safari yote kwa pumzi moja.

Wanaounga mkono wana hesabu. Vikombe viwili vya unga, nusu kikombe cha karanga za kusaga, yai moja, maji kidogo. Unasukuma kama chapati nene, unakata vipande kwa kisu, unapanga kwenye sinia ndani ya sufuria yenye mchanga, makaa chini na makaa machache juu ya mfuniko, dakika 25 hivi. Vinatoka vipande kama 80, na mbwa anayefundishwa hupewa kimoja kimoja. Nusu kikombe cha karanga kwa wiki nzima hakijamnyima mtoto yeyote uji. Mwenye biashara hujibu kwa ufupi zaidi: "Hela ya mbwa ndiyo inayonunua unga wa wanangu."

Kwenye hoja ya anasa, naona jirani ameshinda. Ila siku niliyokaa naye jikoni niliona jambo ambalo hakuna upande uliolitaja barazani.

Alikuwa ameketi na ungo magotini, anachambua. Karanga nono, ngozi nyekundu isiyo na doa, zilikwenda kwenye beseni. Zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu, zenye weusi, na chache zenye vumbi la kijani kwenye mpasuko, alizitupia kwenye kopo la maziwa pembeni. Nikauliza zile za kopo ni za nini. "Za mbwa," akasema bila kuinua uso. "Mbwa hachagui."

Ndivyo tulivyolelewa wengi. Kisichofaa mtu kina kuku, kina mbwa, kina nguruwe wa jirani. Kwa ukoko wa ugali busara hiyo haina kasoro. Kwa karanga inageuka, kwa sababu ule ukungu wa kijani hutoa sumukuvu, na sumukuvu hula ini. Waliotufundisha kuwa ipo ni wanyama hasa: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na katika kutafuta kilichowaua ndipo sumu hii ikajulikana. Mbwa naye ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi. Desemba 2020 Marekani ilibidi chakula cha mbwa cha kiwandani kirudishwe kutoka madukani kwa sababu ya sumukuvu, na kufikia Januari 2021 taarifa za mbwa waliokufa zilikuwa zimepita 110.

Kinachoniumiza kichwa ni jinsi sumu hii inavyokaa ndani ya gunia. Haienei sawasawa, hujazana kwenye punje chache mbovu. Kwa hiyo kadiri jirani anavyochambua kwa uangalifu kwa ajili ya watu, ndivyo kopo la mbwa linavyozidi ukali. Moto nao hausaidii. Joto la kuoka huua ukungu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa huvumilia. Na zikishasagwa, jicho halina tena cha kutoa.

Yupo aliyenijibu kwamba mbwa wa Tabora wamekula karanga mbovu tangu enzi na bado wanabweka. Ni kweli wanabweka. Sumu kidogo kidogo haiui leo wala kesho. Lakini mbwa anayesusa chakula, akatapika, ufizi ukawa wa njano, kisha akafa, sisi huwa tunasema ametegewa sumu na mtu. Tunamfukia, tunamshuku mtu wa nyumba ya tatu, yameisha. Tena tusijidanganye kwamba hili ni la mbwa peke yao: mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki kwa chakula cha binadamu ni maikrogramu 10 kwa kilo, na hakuna ungo unaoweza kupima hilo. Ungo unapunguza tu. Kazi kubwa ni kukausha, na karanga zilizoanikwa chini uani wakati mvua za mwisho bado zinanyemelea hazikauki vizuri.

Je, si afadhali kununua siagi ya karanga ya dukani? Hapa nami niliyumba kidogo. Ya chupa ina chumvi na sukari, na baadhi ya zile za kutoka nje zina zailitoli, kitamu kisichomdhuru mtu lakini kinachoshusha sukari ya mbwa ghafla na, kikizidi, kuharibu ini. Gramu moja tu inatosha kumtikisa mbwa wa kilo 10. Karanga zilizosagwa hapa mtaani hazina balaa hilo. Zina mafuta tu, karibu nusu ya uzito wake, ndiyo maana vipande vinabaki vidogo: kijiko kikubwa kimoja cha karanga za kusaga kina kalori 95 hivi, na mbwa wa kilo 15 hahitaji zaidi ya 80 za vitafunwa kwa siku.

Majirani zetu Waislamu walikuwa na swali lao, kuhusu vyombo. Hilo halikuchukua muda. Biskuti yenyewe si najisi. Chombo alicholamba mbwa ndicho kinachooshwa mara saba, moja kwa udongo. Biskuti hurushwa chini, mbwa hafiki jikoni.

Nilimwambia jirani yote haya, na hakufurahi. Akitumia karanga za beseni kwa biskuti za mbwa, faida inapungua, na mzee wa barazani anapata maneno mapya. Kwa upande wangu nimeshikilia hapo: aoke kwa karanga ambazo angempa mwanawe, au aache kuoka. Wiki iliyofuata akapandisha bei, na mtumishi yule akalipa bila kuuliza.

Limebaki kopo. Aliniuliza kama angalau kuku wapewe, nikamkumbusha bata mzinga wa Uingereza. Anasema atazifukia Jumamosi. Liko dirishani bado, na jogoo wake ameshalijua.