"Tired" tunaifundisha vibaya

Fungua daftari la Kiingereza la mtoto wa shule ya msingi, utakuta ukurasa umepigwa mstari katikati. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Hungry, njaa. Angry, hasira. Tired, choka. Mwalimu kaandika ubaoni, watoto wamenakili, wameimba kwa pamoja, kengele imelia. Mimi ugomvi wangu ni na huo mstari wa katikati.

Sisi tunasema "nimechoka", na hiyo "-me-" inabeba mzigo wote: jambo limeshatokea na hali yake bado ninayo. Mwingereza haendi njia hiyo. Kwake "tired" ni sifa, kama "tall", kwa hiyo lazima itanguliwe na "am", "is" au "are". Mtoto aliyeambiwa tired ni choka anatumia akili yake vizuri tu: anatafuta "-me-" ya Kiingereza, anaikuta kwenye "have", anatoa "I have tired". Anawekewa mkasi mwekundu. Mwenzake anaandika "I am tire", maana ile "d" ya mwisho hajawahi kuisikia. Maneno yetu huishia kwa irabu, na sikio lake halijazoea kungoja kitu baada ya hapo.

Hayo ni ya watoto. Jioni nafundisha watu wazima, wengi wao madereva wa watalii na wahudumu wa hoteli, na huko "tired" ina vituko vyake. Dereva mmoja alimpokea mgeni uwanja wa ndege, mzee wa watu ametoka safari ya usiku kucha, macho mekundu. Akataka kumpa pole kama alivyolelewa. Akamwambia, "You are very tiring, sir." Yaani wewe mzee unachosha kweli. Mgeni akacheka, bahati nzuri. Wapo ambao wangekwenda kushtaki mapokezi.

Ajabu ni kwamba tofauti hiyo Kiswahili kinayo, tena wazi kuliko Kiingereza. Kuna kinachochosha na kuna aliyechoka. Safari inachosha, ni "tiring". Abiria amechoka, ni "tired". Nikiuliza darasani, "Hapa nani anachosha, nani amechoka?" hakuna anayekosa, na kwa njia hiyohiyo tunamaliza "boring" na "bored", ambako watu wazima wenye vyeo vyao husimama kwenye mikutano na kujitangaza "I am boring". Lakini vitabu vingi vinaanza na kanuni za sarufi ya Kiingereza, kana kwamba mwanafunzi ameingia darasani bila lugha yoyote kichwani.

Na hata ukiipata sarufi, bado kuna adabu. Kwetu kumwambia mtu "umechoka, pole, karibu ukae" ni kumjali. Kwa Waingereza na Wamarekani wengi, "you look tired" ni kumwambia sura yake leo haipendezi. (Ingawa mjini siku hizi "amechoka" ni tusi vilevile: mfuko umechoka, viatu vimechoka, hata gari.) Nawaambia wanafunzi wangu waseme "you've had a long journey" na wachukue begi la mgeni. Begi linatosha kuwa pole.

Ila pale ambapo neno hili lina utajiri wake hasa ni kwenye kale kaneno "of", na vitabu vyetu hukapitia mbiombio. "I am tired" ni mwili. "I am tired of" ni jambo jingine kabisa: imetosha, sitaki tena. Sisi tungesema nimechoshwa, au nimemchoka mtu huyu.

Mfano ninaoutumia ni wa Rosa Parks, mwanamke mweusi wa Marekani, enzi za ubaguzi wa rangi kwenye mabasi. Tarehe 1 Desemba 1955, mjini Montgomery, Alabama, dereva wa basi alimwamuru yeye na abiria wengine watatu weusi waachie mstari wa viti ili Mzungu akae. Watatu wakainuka. Yeye akabaki, akakamatwa. Hadithi iliyosambaa baadaye ni ya mama mshonaji, mzee, amechoka na kazi za kutwa, miguu inamuuma, ndiyo maana hakusimama. Yeye mwenyewe aliikataa. Katika kumbukumbu zake za mwaka 1992 alieleza kwamba hakuwa mzee, alikuwa na miaka 42, na mwili wake haukuwa umechoka kuliko siku nyingine yoyote ya kazi. Uchovu pekee aliokuwa nao, alisema, ni wa kuchoka kukubali kuonewa.

Angalieni walivyomfanyia. Walimwondolea "of" yake. Ukimpa "tired" tupu unapata bibi wa kuhurumiwa. Ukimrudishia "of" unapata mwanamke aliyekuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, hapo Montgomery, anayejua anachokifanya. Kesi yake ndiyo iliyowasha mgomo wa watu weusi kususia mabasi ya mji huo kwa siku 381.

Kuna na Fannie Lou Hamer wa Mississippi, naye mpigania haki za watu weusi, ambaye mwaka 1964 huko Harlem, New York, alisema "I am sick and tired of being sick and tired". Maneno hayo yamechongwa kwenye kaburi lake. Nimeyaandika ubaoni nikawaambia darasa wayaweke kwa Kiswahili. Mmoja akasema "nimechoka kuchoka". Mwingine akaja na "nimechoshwa na kuchoshwa", wakaanza kubishana: huyu mama alichoka au alichoshwa, na kama alichoshwa, na nani? Mpishi aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akauliza "sick" yake imekwenda wapi, mbona wote mmeiruka. Tulikaa kwenye sentensi hiyo moja hadi mlinzi akaja kutaka kufunga. Ukurasa wenye mstari katikati ungeimaliza kwa sekunde mbili.