Kiraka naye huchanika

Kwenye mpira, mchezaji anayecheza namba 2, 6 na hata 11 tunamwita kiraka, na tunampigia makofi. Kazini kiraka ana kilio chake.

Kwa miaka minne nilipanga zamu kwenye kiwanda kimoja cha mikate huku Temeke. Kulikuwa na dada wa Chamazi: kukanda anakanda, oveni anaisoma kwa rangi ya mkate, mashine ya kukatia anaijua, na akikaa dirisha la mauzo hesabu haipungui. Mtu akiugua, namweka yeye. Nilijiona hodari kweli! Waliojua kazi moja walipata ofu zao bila shida, anayejua nne ndiye aliyefutiwa. Siku moja katoka zamu ya usiku saa 12 asubuhi, saa 8 mchana nikampigia: "Dada, njoo mara moja utusaidie kufungasha." Akaja, akaunganisha na usiku. Saa 9 alfajiri nikamkuta mbele ya oveni, mlango wazi, trei mkononi, amesinzia wima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya zamu na zamu. Nilipompigia zilibaki nne. Na bado toa muda wa kugombania daladala.

Sasa, kwa nini hakukuwa na mwingine? Kwa sababu mafunzo kwetu yalikuwa ya "tukipata nafasi", au Jumapili mtu akiwa ofu, bila malipo. Nilikuja kubadilisha: mafunzo yanaandikwa kwenye ratiba kabla ya zamu yoyote, ndani ya zile saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki. Kijana wa kufungasha akawekwa oveni na yule dada, Jumanne na Alhamisi, saa mbili mbili, oda zikiwa zimepoa. Wiki ya kwanza trei mbili ziliungua. Meneja akanuna kwamba tunalipa watu wawili kwa kazi ya mmoja, na hakukosea. Mwezi wa pili dada akalala kwake Jumapili tatu mfululizo.

Kilichonishinda ni swali la yule kijana: "Kaka, nikiijua oveni, mshahara unapanda?" Haukuwa unapanda. Baadaye nikagundua fundi mmoja pale alikuwa anajua kuitengeneza mashine ya kukatia muda wote huo. Alinyamaza tu, asije akawa kiraka.