Tunamlaumu bibi kwa kudekeza, hesabu ya chumba hatuiulizi

Kila shule zikikaribia kufunguliwa Januari mabishano haya yanarudi mtandaoni, mmoja anaandika kwamba kumwachia mama yako mtoto ni kumuonea, keshalea wake inatosha, mwingine anamjibu mbona wewe ulilelewa na bibi yako Tanga na leo unavaa tai, na hapo katikati wapo wanaosema watoto wa bibi ndio hao hawaambiliki, saa sita usiku yuko macho na simu ya mjomba wake. Wote wana lao la kweli. Ila mimi ninayeishi huku Temeke na kuwaona hawa mabibi kila asubuhi naona kuna kitu hakitajwi kabisa, na ndicho kinachowamaliza.

Tuanze na wanaosema huu ni utaratibu wetu tangu zamani, maana hawajakosea. Tena ukitaka ushahidi hauko mbali, uko hapa hapa Tanzania. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake walikaa na Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi kule Ziwa Eyasi, wakakuta vikongwe wanachimba mizizi kuliko hata wasichana, na mama akishajifungua mtoto mwingine, yule aliyeachishwa ziwa anategemea mno jasho la bibi yake ili akue vizuri. Mwaka 1998 wakatoka na hoja kwamba huenda hii ndiyo sababu binadamu wa kike anaishi miaka mingi baada ya ukomo wa hedhi, yaani bibi ana kazi ya kufanya. Dunia nzima inaijua hoja hiyo na imeanzia kwetu.

Lakini iangalie vizuri. Yule bibi wa Kihadzabe alikuwa anaongezea nguvu, mama wa mtoto yupo kambi ile ile na kichanga mgongoni, wanalala jirani. Bibi wa Mbagala haongezei, amechukua kazi nzima. Mama yupo Oman, au yupo Dodoma amehama na ofisi, au ameolewa na mwanaume ambaye hataki kumuona mtoto wa mwenzake, au ni binti wa kidato cha pili ambaye mimba ilimkuta kwenye sare. Hao wa mwisho sio wachache, utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Novemba 2021 serikali ikatoa waraka kwamba waliojifungua waruhusiwe kurudi shule, jambo zuri sana, nililishangilia na mimi. Ila kwenye shangwe zile sikusikia swali la nani atabaki na kichanga binti akienda kusoma, kwa sababu jibu tunalo wote.

Na msidhani huyo bibi ni mzee wa mkongojo. Dar ukimkuta bibi wa miaka arobaini na tano usishangae, na hapo ndipo pabaya, maana Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo dirisha la wazee hospitali halimhusu bado, halafu ndio kwanza alikuwa anainuka, ana genge lake, ana vitumbua, amejiunga na kikoba. Mtoto wa miezi minne akiwekwa mikononi mwake vitumbua vya alfajiri vinakufa ndani ya mwezi. Mwenye moto wa kukaanga saa kumi alfajiri hawezi kuwa huyo huyo anayembeleza mtoto mwenye homa, labda awe na mtu wa kumsaidia, na mtu huyo analipwa.

Sasa hilo la kudekeza. Linasemwa kwa dharau sana lakini lina ukweli na nitawapa haki yao. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Anamwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, anamtania mkwe kwamba ni mke mwenza, mtoto akichapwa na mama anakimbilia kwa bibi na bibi anamficha nyuma ya khanga, ndio kazi yake hiyo na watoto wanaihitaji. Leo umemwondoa mama, umemwambia yule yule mtani ndiye ashike fimbo, akague madaftari, akatae pipi, aulize umetoka wapi saa mbili usiku. Wapo wanaoweza. Wengi wanakwama katikati, wakichapa roho inawauma, wakiacha wanaambiwa mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mama wa mtoto akija likizo siku tatu na begi la zawadi ndiye anayegeuka kuwa bibi, yeye ndiye wa pipi na Coco Beach. Mtoto analinganisha hapo hapo na huyu wa fimbo anaonekana mbaya. Kwa hiyo ndio, kuna watoto wanaharibika kwa bibi zao, ila mimi sioni kama ni kwa sababu bibi hajui kulea, huyu huyu ndiye aliyekulea wewe unayemsema.

Nikasema kuna kisichotajwa. Ni chumba.

Huku kwetu Temeke, Buguruni, Magomeni ya zamani, akina bibi wengi waliobahatika kitu walichonacho ni nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku vitatu kule na ukumbi katikati, uani choo na jiko. Hiyo ndiyo pensheni yao. Huku bara hatuna pensheni ya wazee wote kama Zanzibar, wenzetu tangu 2016 kila aliyefika miaka 70 anapata, walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa. Hapa ukiwa hukuajiriwa, pensheni yako ni mpangaji. Chukua bibi mwenye vyumba sita, anakaa kimoja, vitano anapangisha. Analetewa wajukuu watatu wa mabinti wawili. Mwanzoni wanalala naye wote, mkeka chini, chandarua kimoja, hakuna shida. Halafu yule wa kiume anafika miaka kumi na mbili. Hawezi kuendelea kulala chumba kimoja na dada zake na bibi yake, dini inakataa na hata bila dini macho yanakataa. Bibi anangoja mpangaji mmoja amalize kodi, anamwambia baba samahani chumba nakihitaji.

Tuseme chumba ni 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 600,000. Kijana akikaa humo mpaka atimize kumi na nane, hiyo ni milioni tatu na laki sita, na hapo hatujagusa LUKU, maji, wala ule ukweli kwamba mvulana wa miaka kumi na tano anakula kama fundi ujenzi. Milioni tatu na laki sita ambayo hakuna mtu aliyeitoa mfukoni, hakuna risiti, haikupita kwenye simu, kwa hiyo hakuna anayeihesabu. Binti yake akimtumia 30,000 mwezi huu na mwezi ujao hakuna, yeye binti anajiona anamsaidia mama, kumbe hata kodi ya chumba anachokaa mwanawe haijafika. Na bibi hasemi. Atasema nini, aseme mjukuu wangu amenitia hasara? Ataambiwa hana huruma. Anakwenda kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, kulipia viatu na mchango wa uji shuleni, wakija wale vijana wa marejesho anajifungia chooni.

Najua hoja ya upande wa pili na sio ya kupuuza. Mama anayeuza nguo za mtu Kariakoo hajui leo atapata ngapi, kumwambia alipe kwa mpangilio ni rahisi kwa mwenye mshahara. Wapo pia wanaotuma mpaka wao wanalala njaa. Na kuna wanaosema ukianza kumlipa bibi umegeuza damu kuwa biashara, kesho atamhesabia mjukuu sahani ya wali. Hilo la mwisho silikubali. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha dada wa kazi anayelala kwa mwajiri 60,000 kwa mwezi, kidogo mno, na hata hicho wengi wakakikwepa, lakini angalau dada wa kazi ana kiwango kwenye karatasi. Wa bibi hakijulikani. Kule Nshamba wilayani Muleba kuna shirika linaitwa Kwa Wazee, lilianza 2003 kuwapa mabibi waliobaki na yatima wa UKIMWI pensheni ndogo ya kila mwezi. Hela ilikoishia ni chumvi, sabuni na viatu vya shule. Hakuna bibi aliyegeuka mfanyabiashara. Kilichowasaidia sana ni kujua kwamba tarehe fulani hela inakuja, maana mtu akijua hata kidogo kinakuja lini anaweza kukopa dukani kwa heshima.

Halafu kuna mambo ya mamlaka, hayo nitayapitia haraka. Mtoto anasoma inglishi midiamu, kazi za nyumbani zinatumwa kwenye grupu la WhatsApp, aliyemo kwenye grupu ni mama yuko Muscat, bibi ana kitochi. Cheti cha kuzaliwa amebaki nacho mama au hakikuwahi kuchukuliwa. Hospitali wanauliza mzazi yuko wapi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua mlezi, na inamruhusu anayekaa na mtoto, hata kama sio mzazi, kwenda mahakamani kuomba amri ya matunzo, unaanzia ustawi wa jamii pale manispaa. Ni wachache sana wanaokwenda, maana atakayeshitakiwa mara nyingi ni mwanae wa kumzaa, mama gani ataanza kumburuza mwanae Kisutu. Ila baba wa mtoto aliyeingia mitini, huyo mbona anaweza kuitwa? Hapo mabibi wetu ni waoga bila sababu.

La mwisho ni nyumba yenyewe, na hili nataka walio na bibi hai walisome mara mbili. Bibi akifariki, wajomba wanakuja na mkeka wa arobaini na dalali nyuma yao. Kwa mirathi ya Kiislamu mtoto wa binti hayumo kwenye warithi wenye mafungu, na hata mjukuu aliyezaliwa na mtoto wa kiume anazuiwa kama mtoto wa kiume wa marehemu yupo hai. Kijana aliyelala kwenye kile chumba miaka sita, akamchotea bibi maji na kumpeleka kliniki ya presha, anatolewa na godoro lake. Bibi anaweza kuliwahi hilo, sheria inamruhusu kuusia mpaka theluthi ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi, na RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika wosia na kuuhifadhi. Cha kuangalia kwanza ni nyumba iko kwa jina la nani, kama bado ni la marehemu babu na mirathi yake haikufunguliwa basi bibi ana fungu lake tu, sio nyumba nzima, hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Na siku anaandika awaite wanawe wote wasikie kwa masikio yao, akina mjomba wakanune wakiwa bado wanaweza kumuuliza.